Mkaguzi wa Kamba

Jumatatu, 5 Agosti
Wiki nzima kazini, na daraja bado sijalikanyaga. Mimi ni mwongozaji wa wageni kwenye daraja la kamba, lile lililofungwa juu ya mikoko hadi ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu. Wanawake wa kikundi cha kijiji walilifunga wapate kuifikia mizinga yao ya nyuki. Sasa watu wanatoka Nairobi kuja kupigwa picha juu yake. Wageni huvuka, mimi hubaki. Huwaambia lazima mtu ashike kamba huku, daraja lisiyumbe. Hunishukuru. Mmoja leo kaniombea dua. Ukweli ni kwamba nikiona maji yakimeta kati ya zile mbao, hurudi nyuma nikajifanya nakaza fundo.

Jumanne, 6 Agosti
Jefwa, mwongozaji mwenzangu, ameanza kunichunguza. Yeye hulivuka kinyumenyume akila njugu. Aliniuliza mbele ya wageni, mbona akivuka yeye hashikiwi kamba na haanguki. Nikamjibu kwamba yeye ni mwepesi. Wageni walicheka. Mimi jasho lilinitoka hadi viganjani.

Alhamisi, 8 Agosti
Balaa. Mama Zipporah, mwenyekiti wa kikundi, ametangaza kuwa Jumamosi wanakuja kinamama wa Mambrui. Kila mwongozaji atavuka na kundi lake wakanywe chai ng'ambo. Asiyevuka atafute kazi nyingine. Sina kazi nyingine. Kinyozi wa Barani alinifukuza, na ile hoteli ya Mtwapa sitaki hata kuikumbuka. Sikula chakula. Nimeota nikiwa macho: kamba imekatika, nimezama kwenye tope, kaa wananijia bila haraka.

Ijumaa, 9 Agosti
Ufumbuzi umepatikana. Baada ya swala nimeandika kwenye kadibodi: DARAJA LIMEFUNGWA, KAMBA ZINAKAGULIWA. Kesho alfajiri naitundika. Akili ninayo. Nashangaa watu hawaioni.

Jumamosi, 10 Agosti
Mama Zipporah aliliona tangazo, akaliamini. Akauliza nani anazijua kamba akazitazame. Jefwa akasema kwa upole kabisa, "Si Harith? Yeye ndiye huzishika kila siku."

Kinamama wote wakanigeukia. Nikaenda. Ubao, ubao mwingine. Katikati upepo ukalisukuma daraja, nikalala kifudifudi, nikazikumbatia mbao. Chini maji yalikuwa yanajaa. Nikasoma kila sura niijuayo. Zikaisha, nikarudia. Nilikuwa na hakika kwamba nafia pale, na kwamba atakayempelekea mama habari ni Jefwa.

Kisha daraja likatikisika. Mtu anakuja. Alikuwa Bi Mishi, mkubwa wa wale kinamama, bibi mwenye miwani, viatu mkononi. Akachutama kichwani pangu.

"Waogopa, mwanangu?"

"Nakagua, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi kagua huu mtandio wangu. Ushike, usitazame chini. Hata mimi naogopa. Tuzungumze."

Akanieleza namna ya kupika mkate wa sinia: mchele uloweke usiku, tui liwe zito, usiufunue ovyo. Mkate ulipoiva tulikuwa nchi kavu. Nililia kidogo. Bi Mishi akajifanya anatazama ndege.

Tatizo ni kwamba ile nchi kavu ilikuwa ng'ambo. Nilingoja maji yapwe, nikarudi kwa kupita matopeni, chini ya mikoko. Ndala moja imebaki huko.

Jumapili, 11 Agosti
Kumbe Bi Mishi amewaambia watu nililala ili nizisikilize kamba. Mama Zipporah amefurahi, amenipa cheo: mkaguzi wa kamba. Nitakuwa napanda darajani kila asubuhi. Usingizi umekataa. Nimeapa kesho nitamweleza ukweli wote, iwe itakavyokuwa.

Jumatatu, 12 Agosti
Nilikwenda kumweleza. Kabla sijafungua kinywa, akaniambia wanajenga mnara wa miti, mrefu kupita mikoko yote, wageni waione bahari hadi Malindi. Anatafuta mtu asiyeogopa kupanda, atangulie na wageni. Akasema Jefwa ameshaiomba kazi hiyo.

Nikaisikia sauti yangu ikisema kwamba nina mjomba Rabai, mkwezi wa minazi, na kwamba mimi nimekulia huko juu kileleni pamoja naye. Sina mjomba Rabai. Mama Zipporah akanishika mkono, akasema kazi ni yangu.

Nimerudi nyumbani nikafunga mlango, nikapanda juu ya kiti ili nizoee. Nimeshuka. Kesho nitaanza na kigoda.