Kimya cha Mapigo Manne

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kasulu.

Leo nimesema uongo mdogo. Nauandika mapema, ili baadaye usije ukaonekana mkubwa.

Ilikuwa nyumbani kwa Marselino, mwenyekiti wa klabu yetu ya wasikilizaji wa muziki wa zamani. Tuko tisa. Marselino ni mwalimu mstaafu. Ana mashine ya santuri na ana santuri yenyewe, Ukungu wa Heru ya bendi ya Muhwazi Jazz, iliyorekodiwa hapa hapa Kasulu mwaka 1975. Mimi nauza chaja sokoni na kuwarushia watu nyimbo kwenye simu. Santuri hiyo nimeirusha kwenye simu za nusu ya mji. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza naionaje.

Ijumaa, siku ya Nane Nane, redio ya mjini inaadhimisha miaka hamsini ya santuri hiyo. Wanataka mgeni mmoja studioni. Kila mtu anaona ni Marselino. Marselino anaona hivyo kuliko wote.

Tukasikiliza wimbo wa nne, ule wa dakika kumi na moja. Gitaa linanguruma kama roki ya Wazungu, saksafoni inalizunguka kwa jazi tupu, halafu katikati, mambo yakiwa yamepamba moto, gitaa linakatika. Mapigo manne ya ngoma peke yake. Kisha linarudi polepole, kama mtu aliyetoka kuoga. Kimya kile kimebishaniwa miaka hamsini. Marselino akasema jenereta ilizimika. Nikamuuliza, kama ilizimika, mashine ya kurekodi ilizinasa vipi ngoma. Watu wakacheka. Akanitazama kama natafuna darasani, akauliza mimi najua nini.

Nikasema Niyomwungere, mpiga gitaa wa wimbo ule, alikuwa mjomba wangu.

Sikupanga. Mdomo ulitangulia. Nilikuwa na mjomba mmoja tu, marehemu Nsabimana, fundi baiskeli wa Nyakitonto. Muziki pekee aliopiga ni kengele.

Jumatano, 6 Agosti.

Redio wamepiga simu. Habari imewafikia. Wananitaka mimi.

Furaha ilidumu kama dakika mbili. Mtangazaji aliuliza, kama jambo jepesi tu, kwa nini mjomba alinyamaza pale. Nikasema hilo nitalieleza Ijumaa. Sasa lazima jibu liwepo.

Nimeusikiliza wimbo mara kumi na tisa. Mteja alikuja na simu iliyozimika, nikamwambia angoje gitaa lirudi. Ni ajabu ile sehemu. Unaijua, umeisikia tangu utotoni, na bado gitaa likikatika unabana pumzi, unaogopa safari hii halitarudi. Wapo wanaosema mapenzi yaliwarudia pale. Mama mmoja wa Heru Juu aliniambia huwa anaupiga wimbo huo kila mwaka siku aliyozikwa mumewe, kwa ajili ya yale mapigo manne tu. Kitu kama hicho hakiwezi kuelezwa kwa jenereta.

Kwa hiyo nimeamua ni msiba. Katikati ya kurekodi, mtu aliingia na kumwonyesha mjomba kwa ishara kwamba mama yake amefariki. Akanyamaza. Akamlilia kwa mapigo manne. Akaendelea kupiga. Nilipolitunga jibu hilo nilitokwa na machozi mwenyewe, dalili nzuri.

Nimemsomea Asmahani, mke wangu. Alikuwa anachambua maharage. Akauliza huyo mama aliyefariki ni nani. Nikasema ni mama wa mjomba. Akasema basi ni bibi yangu mzaa mama, ambaye yeye Asmahani alimpikia uji mpaka mwaka 2009.

Sikuwa nimeliona hilo.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.

Nimesema yote. Hata zaidi. Studio ni chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani, joto, na kipaza sauti kinakutazama usoni kama afisa wa uhamiaji. Nilipoanza sauti ilitetemeka, mtangazaji akadhani ni uchungu, akanishika bega. Baada ya hapo sikuweza kurudi nyuma. Nikamuua bibi. Nikamzika Nyakitonto, mvua ikinyesha.

Simu zikamiminika. Mzee wa Kasanda alisema alikuwa analia. Dereva alisema amesimamisha gari kando ya barabara. Marselino hakupiga, lakini najua alikuwa anasikiliza, na kwa robo saa nzima nilikuwa mtu ambaye ameulizwa anaionaje.

Kisha ikaingia simu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Sauti ya mwanamke mzee, Kiswahili cha Kongo.

“Miye naitwa Jeanne,” akasema. “Niliimba mu ile disiki. Niyomwungere alikuwa bwana yangu. Toka alipokufa nilitafuta familia yake, sikupata hata moja.”

Mtangazaji aliinua mikono juu kama aliyefunga goli. Akaniambia nimsalimie. Watu wote wa mkoa huu walikuwa wanasikiliza. Nikasema shikamoo, mkaza mjomba.

Akasema marahaba. Ana kibali cha kutoka kambini Jumapili, atakuja Makere kwa chai, angependa kuniona uso.

Sijala tangu hapo.

Jumamosi, 9 Agosti.

Njia nilizofikiria: kuugua. Kusafiri. Kumtuma mtu mwingine ajifanye mimi. Hii ya tatu niliipenda mpaka nilipokumbuka kwamba mtu pekee wa kutumwa ni dada yangu Siti, na mjini hakuna asiyefanana na mimi kuliko Siti.

Asmahani amesema njia ni moja: nenda, mwombe radhi, rudi. Amesema mama wa watu ametafuta ukoo miaka yote hiyo na mimi nimempa wa karatasi. Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata la kujibu.

Alasiri Marselino akaja mwenyewe, kanzu imenyooshwa, mpole kupita kiasi. Akasema mkutano wa kesho ni wa kihistoria na klabu haiwezi kukosa shahidi. Atakuja na daftari. Akauliza pia, wakati anaaga, jina la ukoo wa mjomba. Nikasema kwetu jina la ukoo wa marehemu halitajwi mwezi wa nane. Akaandika hilo.

Nimetafuta picha ya kumpelekea Jeanne kama kumbukumbu ya familia. Ipo ya mjomba Nsabimana, amesimama na pampu ya baiskeli. Nimeikata pampu.

Jumapili, 10 Agosti. Nimerudi kutoka Makere.

Niandike polepole.

Tulikwenda na bodaboda mbili, mimi na Marselino, vumbi mpaka masikioni. Kihoteli kilichopo karibu na soko. Jeanne alikuwa ameshafika. Mwembamba, kitenge cha bluu, miwani iliyofungwa uzi. Amebeba kuku mzima kwenye kikapu, zawadi ya kumsalimia wifi yake, mama yangu. Mama yangu amefariki. Nilipomwambia, alifumba macho akamwombea, na kuku akabaki kati yetu mezani akinitazama.

Nikampa picha. Aliishika karibu na miwani, muda mrefu. Akasema, “Mukono ya huyu iko mbele, kama anasukuma kitu.” Akaiweka ndani ya Biblia yake.

Marselino akafungua daftari, akamwomba aeleze kile kimya. Nilijua ndiyo mwisho wangu. Nikaagiza chapati ili mdomo uwe na kazi.

Akaeleza. Walirekodia kwenye ghala la ushirika. Walining'iniza mablanketi na kupanga magunia ya maharage ukutani ili sauti isirudi. Jenereta waliichimbia shimo nje, wakaifunika mabati, isisikike. Padri mmoja aliwaazima mashine ya kurekodi, na mashine ile haikuweza kuunganisha vipande, kwa hiyo anayekosea dakika ya kumi anawarudisha wote mwanzo. Kiongozi wa bendi, Felisiani, alikuwa mtu wa kukataa. Alikataa mpiga gitaa wa Kigoma, akakataa wa Bujumbura. Ndipo akaletwa Niyomwungere, kijana, vidole vyepesi, anapiga kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Siku tatu. Mara ishirini na mbili. Kila mara Felisiani anatikisa kichwa na hasemi kosa liko wapi. Wapiga ngoma walikuwa na malengelenge. Jeanne sauti ilikuwa inakauka, anakunywa uji wa chumvi.

Mara ya ishirini na tatu, Niyomwungere akasahau.

Hivyo tu. Alipotea njia katikati ya wimbo. Mikono ikainuka juu ya nyuzi na hakujua iende wapi. Jeanne alikuwa amesimama mbele yake, aliona uso. Mwanzo hofu. Kisha akageuka kumtazama mpiga ngoma, kama ndiyo kwanza amegundua kuna watu wengine mle ghalani. Akasikiliza mapigo manne. Akaingia tena, taratibu, akiwafuata.

Ulipokwisha aliweka gitaa chini akamwomba Felisiani radhi, akasema amesahau, warudie. Felisiani akamwambia aketi, asiguse kitu. Akasema, siku tatu nangoja usikie wenzako.

“Maisha yake yote alicheka,” Jeanne akasema. “Batu banamsifu sababu ya kusahau.”

Marselino alikuwa ameacha kuandika. Nadhani naye alisahau. Baadaye akajikohoza, akasema anatoka kununua vocha. Hakuwa na haja ya vocha. Alikuwa anafuta macho.

Tukabaki wawili na kuku.

Nikaanza kusema. Sijui nilianzia wapi, kwenye baiskeli nadhani. Akaniwekea mkono juu ya wangu.

“Miye najua,” akasema. “Bwana yangu hakukuwa na dada. Mama yake alizaa yeye moja tu.”

Nikamuuliza kwa nini basi hakunifichua redioni, mbele ya watu wote.

Akafikiri. Akasema mara ya kwanza alikuja nchi hii na muziki, mara ya pili na sufuria kichwani, na tangu hiyo mara ya pili hajawahi kusikia jina la mumewe likitamkwa na mtu asiyekuwa yeye. Ijumaa alikuwa anaosha vyombo. Akalisikia. Limetamkwa vizuri, kwa huzuni, na mtu aliyelitaka. “Nikasema, mwache kwanza amalize.”

Nilishindwa kumtazama. Nikamwambia nitasahihisha, nitasema ukweli kwa kila mtu. Akasema hilo ni langu. Yeye alitaka nimwahidi jambo moja, nisimwue tena mama mkwe wake, alikuwa mwanamke mwema na alikufa mzee, kitandani.

Nikaahidi. Akanipa kuku. Akasema wifi hayupo lakini safari ya kuku haigeuzwi.

Jumatatu, 11 Agosti.

Nilikwenda klabu nikiwa nimejiandaa kukiri. Asmahani alinisikiliza nikifanya mazoezi, akanisahihisha mara mbili, akaninyooshea kola. Nilitoka nyumbani mwepesi.

Marselino alikuwa ameshaanza. Amesimama, daftari mkononi, anaeleza habari ya kusahau, na anaeleza vizuri, bila kujionyesha. Wote saba wanasikiliza. Tukausikiliza wimbo wa nne tena. Safari hii, gitaa lilipokatika, nilimwona kijana yule ghalani, mikono juu, na nikafikiri jinsi inavyotisha kunyamaza mbele ya watu wanaokungoja, na kwamba kizuri chote kilichofuata kilitoka pale. Nilifikiri, sasa. Nyamaza kwanza, kisha sema.

Marselino akanigeukia. Akauliza, mbele ya wote, kwa nini basi Ijumaa nilisema msiba.

Ilikuwa nafasi yenyewe. Imefunguliwa kama mlango.

Nikasema nilijua tangu zamani kwamba mjomba alisahau. Nilificha ili kulinda heshima ya familia.

Wakaguna kwa masikitiko. Mmoja akanishika mkono. Marselino akasema, kwa taabu, kwamba hakunielewa na ananiheshimu. Nilirudi nyumbani nikipitia njia ndefu. Asmahani alikuwa amepika kuku. Aliponitazama tu akaondoa paja kwenye sahani yangu, akalirudisha sufuriani.

Alhamisi, 14 Agosti.

Nimekuwa na siku tatu mbaya. Nimeapa mara mbili kwamba sitafungua mdomo juu ya muziki tena, mara moja nikiwa nimeshika msahafu, nikauachia kwa hofu.

Leo mchana wamepiga simu kutoka Kibondo. Nao wana klabu, kubwa kuliko yetu, wana viti vya plastiki vyao wenyewe. Wamesikia kipindi. Wananikaribisha Jumamosi, niseme juu ya Ukungu wa Heru, nitalala na kula kwao. Nikasema hapana. Nikasema mimi si mtu wa ukoo ule, kulikuwa na kutoelewana. Nililisema kabisa, na Asmahani ni shahidi, aliacha kusonga ugali akanitazama kwa upendo.

Yule wa Kibondo akasikitika. Akasema wana jambo linawasumbua miaka mingi. Jaladani kuna majina ya wote, isipokuwa mpiga saksafoni. Hakuna anayemjua. Wanachosikia tu ni kwamba alikuwa mtu wa pwani.

Baba yangu alikuwa mtu wa Pangani.

Nikatoka na simu uani. Nikamuuliza, kwa uangalifu mkubwa, kama kuna anayejua mpiga saksafoni huyo alikuwa ameoa. Akasema hakuna. Nikauliza kama aliacha watoto, au mtu yeyote mwenye simu. Akasema hakuna anayejua.

Basi linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Nimeshaweka nafasi, kiti cha dirishani.