Profesa wa Paka na Kochi la Bi Mkubwa

Kama si kufukuzwa chumba alichopanga asubuhi ile, Profesa asingekuwa ameegemea banda la fundi makochi, wala masikio yake yasingedaka kilio cha Bi Mkubwa.

"Fundi, nimechoka! Trei ya mchanga ipo, paka haioni. Anakojoa kwenye kochi kama kalipia kodi!"

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa na mdomo, njaa, na koti moja la kijivu lililonyooka. Koti ndilo lililomlisha. Bila koti, mdomo ule ni kelele tu. Akaweka kola sawa, akasogea.

"Shikamoo, mama. Paka wako si mkaidi. Ana majonzi."

"Majonzi gani, na samaki anakula kuliko mimi?"

"Hayo ndiyo majonzi ya wakubwa. Nitamtibu bure. Ila lazima nilale palepale, niisome tabia yake."

Bi Mkubwa alimpima kuanzia viatu hadi utosi. "Mungu kakuleta, mwanangu."

Basi Profesa akapata kitanda na sahani. Na kwa kuwa mgonjwa akipona tabibu huonyeshwa mlango, kila asubuhi aliunyunyizia mchanga marashi ya yasmini. Paka akinusa, chafya! Anageuka, anapanda kochi. Lakini mtaalamu sharti aonekane anatibu: akazoa mavi, akafua foronya, akapiga zulia fimbo, akadeki mpaka ngazi za nje. Mgongo ulilia, moyo ulicheka. Mjinga wake kampata!

Siku moja marashi yakaisha. Leo paka anapona, yeye anarudi barabarani. Akajibanza nyuma ya mlango. Paka akaja, akanusa mchanga, akapiga chafya, akapanda kochi, akafungulia bomba.

Profesa akainama, akanusa. Waridi!

"Mama! Kumbe na wewe unatia marashi?"

Bi Mkubwa hakutua hata kikombe chake cha chai. "Nilipoona chupa yako imekauka, nikaleta yangu. Dada wa kazi anadai mshahara, mwanangu. Mtaalamu anadai kitanda tu, tena anadeki bila kutumwa."

"Na kochi?"

"Kochi lile lilioza kabla hujazaliwa."

Profesa akalirukia koti lake kitini aondoke na heshima iliyobaki. Lilikuwa limelowa. Paka, aliyefundishwa kwa bidii kwamba trei si mahali pake, alikuwa ameanza kutafuta viwanja vipya.

Alilifua, akalianika, akalifua tena. Harufu haikubanduka; akaondoka nayo hivyo hivyo.

Kesho yake alipita kwenye banda la fundi. Bi Mkubwa alikuwepo, mto wa kochi kwapani, analia kwa sauti ya kufika mbali. Pembeni, kijana mwenye tai nyekundu alikuwa ametega sikio, anatabasamu.

Profesa akaona huruma, jambo geni kwake. Akamkaribia. "Mdogo wangu, sikia la mkubwa. Yule mama..."

Kijana akaziba pua, akaruka nyuma.

"Nenda kaoge kwanza, mzee! Usinifukuzie bahati."