Houblon Juu ya Mafiga

Jumatatu, tarehe 6 Mei
Barthélemy, ndugu yangu mudogo wa kule Ulaya, njo muntu. Ametuma karto, sanduku zima. Ndani: mukebe wa maji mazito ya shayiri, chachu kidogo, na mufuko wa houblon, yale maua makavu ya kijani yanayotia bia uchungu. Unapika mwenyewe nyumbani. Hapa Muheto hakuna aliyewahi. Mbonigaba, jirani yangu, na kasiksi yake, ile bia ya ndizi, amekwisha.

Maana tarehe 30 Juni Papa Nzabandora anashuka kutoka Burungu, kusikiliza wanaotaka kuoa dada yake, Mama Uwamariya. Tuko wawili: mimi na Mbonigaba. Kila mumoja na bia yake. Mimi ni mujane miaka saba. Nimechoka kula peke yangu.

Jumanne, tarehe 7 Mei
Karatasi iliyokuja ndani ya karto inasema houblon ikae penye baridi, gizani, mufuko umefungwa, hewa isiingie. Nimecheka. Wazungu hawajui kuweka vitu. Mbegu za maharagi za marehemu mama zilikaa juu ya mafiga, kwenye uchaga, ndani ya moshi, na hakuna hata moja iliyokataa kuota. Nimepasua mufuko ili maua yapumue, nimeuweka pale pale. Joto muzuri.

Mama Uwamariya alipita kuniletea fromaji, ile jibini ya maziwa, yeye njo anazitengeneza. Alisoma karatasi. Akauliza kama mimi pia nimeisoma. Nikamuambia kusoma ni kitu kimoja, akili ni kingine. Alirudisha karatasi mezani, akaenda. Nilimushinda.

Jumamosi, tarehe 1 Juni
Siku ya kupika. Nimeshusha mufuko. Maua yamekuwa ya kahawia, na yananuka fromaji. Fromaji kabisa, ile iliyosahaulika kwenye kabati.

Nikajua: Mbonigaba. Nilienda kwake, nikamuambia wazi kwamba aliingia jikoni mwangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema nipike tu, kwamba yeye anaomba Mungu nipike.

Nikiwa njiani kurudi, nikaelewa. Mama Uwamariya alisimama jikoni na fromaji mukononi! Harufu yake njo imeingia kwenye maua. Basi si hasara hata kidogo. Karatasi ilisema konzi moja, mwishoni. Nimetia tatu, tangu mwanzo. Bia iko sasa kwenye ndoo, imefunikwa, inachemka yenyewe.

Jumatano, tarehe 19 Juni
Nimeonja. Uchungu wa kinini, ile dawa ya malaria. Harufu ni ile ile. Kutoka hapa naona ndizi za Mbonigaba, zimeiva vizuri. Nimeogopa. Naandika hapa tu, sitamuambia muntu.

Jumapili, tarehe 30 Juni
Ushindi.

Papa Nzabandora alianza na kasiksi ya Mbonigaba. Akasema iko muzuri, kama ya kila muntu. Akachukua yangu. Akakunywa, akanusa kikombe, akakunywa tena. Akauliza nani aliniambia habari za nyumba ya baba yao. Akasema ni harufu ile ile: mzee, fromaji zake, na dawa yake ya tumbo. Machozi yalimutoka. Pengine ni uchungu, lakini yalitoka.

Mbonigaba akaomba aonje. Akatema chini, mbele ya watu wote. Papa Nzabandora akamutazama kama muntu aliyemutemea mzee mwenyewe. Mbonigaba alibeba bidon yake ya kasiksi akaenda.

Halafu dada aliulizwa. Mama Uwamariya alikunywa kidogo, akasema bia iko mubaya sana. Kisha akasema anakubali. Akasema aliamua tangu siku ya ile karatasi, kwamba muntu kama mimi si wa kuachwa peke yake jikoni. Nilitazama kikombe changu mpaka macho yakauka.

Sharti lake ni moja: houblon iliyobaki ikae kwake, kwenye chumba cha fromaji, mufuko umefungwa. Nimekubali mbele ya mashahidi.

Jumatatu, tarehe 1 Julai
Nimepeleka houblon kama alivyoamuru. Penye baridi, gizani. Aliufunga mufuko kwa kamba, mafundo mawili. Alipogeuka niliufungua, nikausukuma katikati ya fromaji mbili kubwa. Maua yaendelee kujifunza.

Nimemuandikia Barthélemy atume mikebe minne. Karatasi asitume.