Breki, Kiwambo na Sikio la Shangazi Hesta

Wanaume wawili walikaribia kushikana mashati katikati ya maonyesho ya wawindaji ya Kimberley, Afrika Kusini, na Kosie Labuschagne, aliyekuja pale kwa ajili ya kahawa ya bure tu, akaweka kikombe chini. Watu wengine hulima mahindi. Kosie alilima ugomvi wa wenzake.

Waliokuwa wakigombana ni Gert Spangenberg, muuza matrekta mwenye shingo nene, na shemeji yake Wikus. Waligombania mdomo wa bunduki. Gert alishika dini ya breki, kile kichuma chenye matundu ubavuni kinachofungwa mwisho wa mtutu ili bunduki isimpige mtu teke.

"Breki!" Wikus akafoka. "Mwaka jana uliifyatua hiyo breki yako, mbwa wangu akatimka, mpaka leo hajarudi. Masikio yangu yaliimba wiki nzima. Funga kiwambo cha sauti kama watu wazima, mlio umezwe, sote tupumue!"

"Kiwambo? Kidude kirefu kama mchi! Ukigeuka nacho garini unavunja kioo. Na teke hakilipunguzi kama breki."

"Kwani bega linakuuma, shemeji?"

Gert akashusha haraka mkono uliokuwa ukielekea begani. Mwanamume wa Kimberley anaweza kukiri kwa mchungaji kwamba amezini, lakini hatakiri mbele ya shemeji yake kwamba bunduki inamuumiza bega. Kosie akaona ufa, akapenya.

"Wajomba zangu," alisema kwa sauti ya asali, "ni nani huyo mkatili aliyewaambia lazima mchague?"

Hapo inafaa tumjue huyu bwana. Kosie hakuwa na nyumba, hakuwa na mke (alikuwepo, akachoka), wala kazi ambayo ungeweza kuitaja kanisani. Alikuwa na pikapu nyeupe iliyochakaa, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Humo alilala, humo aliweka masufuria, na humo ndimo alimokimbilia kila mji ulipomchoka. Kila kitu kingine angeweza kukiuza, ila pikapu ile aliipenda kwa dhati.

Kufikia saa nane mchana alikuwa ametoka kwa wauza vyuma chakavu na mabomba ya moshi ya pikipiki, ameyakata, ameyapaka rangi nyeusi, na kila moja ameligonga chapa: BUBU.

"Breki na kiwambo katika mwili mmoja!" alitangaza kwenye uwanja wa shabaha. "Kama mume na mke, ila huyu mke hasemi. Teke hakuna, mlio hakuna. Mjomba Gert, karibu!"

Bunduki ilikuwa ya Kosie, na risasi pia zilikuwa za Kosie, kutoka kwenye mkebe wake wa tumbaku. Alikuwa amezipunguza baruti kwa mkono wake mwenyewe hadi zikabaki na nguvu ya kuua panzi mgonjwa. Gert alifyatua. Bunduki ikatoa kipumzi, kama mzee anayekaa kitini. Bega la Gert halikutikisika.

"Ala!" Gert akasema, machozi yakimlengalenga.

Mstari wa mbele alikuwa amekaa Shangazi Hesta Greyling akifuma soksi. Wilaya nzima ilijua kwamba Hesta ni kiziwi. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa breki, na kwa miaka thelathini alipiga bunduki kupitia dirisha la gari naye Hesta akiwa amekaa kando yake.

"Mmeshapiga?" Hesta aliuliza kwa sauti kubwa. "Mbona sijasikia?"

Watu wakaangua kicheko, na watu wakicheka mkono huingia mfukoni kirahisi. Mabubu tisa yalinunuliwa papo hapo.

Kosie alikuwa anafunga virago alipovutwa shati. Ni Hesta.

"Mwanangu, nina wageni wanaokuja kuwinda shambani kwangu, na breki zao zinanifukuzia wanyama. Nataka mabubu ishirini. Lakini sinunui mbuzi kwenye gunia. Njoo Jumatatu ulipige bomba lako mbele ya mnyama. Kesho siwezi, ni siku ya Bwana."

Ishirini! Kosie alitoa simu na kumpigia rafiki yake, palepale kando ya bibi, upande wa kushoto.

"Sikiliza, nimempata kizee kiziwi hasikii hata radi. Ndiyo, risasi ni zilezile za baruti ya kuonja, haziendi popote. Nitalenga juu ya mgongo wa mnyama, nikose, nisingizie upepo. Nani atajua?"

Hesta alihesabu vitundu vya soksi yake, akatabasamu.

Jumatatu Kosie alifika shambani na kukuta wateja wake wote tisa wamealikwa, wakichovya mikate mikavu kwenye kahawa, bunduki zimeegemezwa ukutani. Hakupendezwa, lakini Hesta alimwekea karatasi mbele.

"Ni ile sheria ya kila shamba, unaijua. Damu ikidondoka, hata tone, mnyama ni wako, unamlipia. Akianguka ni wako, akikimbia mpaka Botswana ni wako pia. Asiye na fedha huacha gari."

"Naijua tangu utotoni, shangazi," Kosie alisema, akatia sahihi bila kusoma. Kwani aliyekusudia kukosa ana deni gani na damu?

Mzee Boikanyo, mfuata nyayo aliyefanya kazi na Hesta tangu ujana wao, aliwaongoza hadi kwenye kichuguu. Mbali ng'ambo ya bonde alisimama dume la palahala, mweusi anang'aa, pembe zimepinda hadi karibu na mgongo. Bei ya dume kama lile hununua nyumba mjini. Kosie akalenga juu sana, akafyatua.

Pff.

Nusu ya njia kati yake na mnyama, vumbi dogo liliruka, nalo Kosie peke yake ndiye aliyejua kulitafuta. Palahala aligeuza shingo, akatazama kundi lile la wanaume kama anayewahurumia, akaingia kichakani taratibu.

"Ah, upepo!" Kosie alisikitika kwa ufundi. "Nimekosa. Lakini mmeona ukimya ule, wajomba?"

Mzee Boikanyo alikuwa ameshaondoka, mkono mmoja mfukoni. Akainama kichakani, akarudi polepole na jani. Katikati ya jani palikuwa na tone jekundu.

"Umempata, baba," alisema kwa heshima. "Hongera sana."

Wote tisa wakapiga makofi. Kosie akalinyakua lile jani.

"Haiwezekani! Risasi haikufika!"

"Bunduki ile? Umbali ule?" Gert akakunja uso. "Mbona isifike?"

Kosie akafungua mdomo. Akamtazama Gert, akamtazama Wikus, akazitazama zile bunduki tisa ambazo wenyewe walikuwa wamezibeba. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa fupi na la kweli kabisa, na lingemuua kabla ya chakula cha mchana.

"Eh, Kosie?" Wikus akasogea. "Risasi zako zina kasoro gani?"

"Hazina kasoro," Kosie alisema kwa sauti nyembamba. "Ni risasi nzuri sana."

"Basi umempiga."

"Nimempiga."

Hesta akanyoosha kiganja. Kosie akaubusu ufunguo wa pikapu, tena mbele ya watu, akauweka pale. Machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli, ndiyo ya kwanza kwa miaka mingi.

Na wale tisa? Walirudi makwao na mabubu yao, wakatia risasi za kawaida, na bunduki zikanguruma kama kawaida. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Hadi leo kila mmoja anaapa kwamba akifyatua hasikii kitu, na kwa kuwa msimu mzima wamefyatua hivyo, siku hizi anasema kweli.

Kosie alishika njia kwa miguu, sufuria moja kwapani. Penye uzio alimwona dume lilelile la palahala akila majani kama mbuzi wa kufugwa, hana hata mkwaruzo. Sikioni ana kibandiko cha shamba, na juu ya kibandiko, kwa mkono nadhifu wa bibi, vimechorwa vistari vinne, kimoja kwa kila mwindaji aliyewahi kumlipia. Cha mwisho wino wake ulikuwa haujakauka.

Alikuwa bado amekodoa macho aliposikia mngurumo alioujua kuliko sauti ya mama yake. Pikapu ikasimama kando. Mzee Boikanyo alikuwa kwenye usukani, kichupa chenye doa jekundu kikichungulia mfukoni mwake. Kushoto, dirishani, Hesta na soksi yake.

"Breki ya marehemu iliua sikio la kulia tu, mwanangu," alisema kwa upole, akigusa lile jingine. "Hili la kushoto lilikuwa upande wa mlango."

Kosie alivuta pumzi, akakusanya matusi yote aliyojaliwa na Mungu na mengine aliyojifunza jela.

"Ngoja kwanza," Hesta alisema. Akageuka kitini, akamwelekezea sikio la kulia. "Haya, sema."