Geti la Nyuma na Msumeno wa Ndoto Zangu

Jumatatu, 2 Februari

Nimepewa notisi katika nyumba yangu mwenyewe. Neville, kondoo dume wa jirani yetu Kelvin Noske, ameingia tena kupitia geti la nyuma, lile nililolifunga kwa waya kwa muda tu, miaka kadhaa iliyopita. Amekula mawaridi yote ya mke wangu, Noelene, yamebaki vijiti. Noelene hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kushika. Alimaliza chai yake, akasema dada yake Valmai anahamia mjini kwetu Jumamosi ya wiki ijayo, naye ana mtambo wa kufumia usio na pa kukaa. Kama saa sita mchana siku hiyo haitakuta geti jipya la chuma, linalofunguka na kufungwa, lililotengenezwa na mimi kuanzia mwanzo hadi mwisho, karakana yangu inakuwa chumba cha kufumia.

Karakana yangu! Tangu niache kuendesha basi la shule, ndiyo sehemu pekee duniani ambapo hakuna anayeniuliza nafanya nini.

Mabomba ya chuma ninayo, yanaota kutu ukutani. Kinachokosekana ni msumeno. Noelene akanikumbusha kwamba msumeno wa mkono wa marehemu baba yake unaning'inia kwenye msumari pale mlangoni. Nikamweleza kwa upole kwamba siku hizi watu hawakati chuma kwa mkono. Akauliza watu gani.

Jumanne, 3 Februari

Kutwa nachagua. Kuna msumeno wa umeme wa jiwe, unaokata kwa gurudumu la kusaga: rahisi, una kelele, unatema cheche na kuacha chuma kimeungua pembeni. Kuna wa meno, wenye gurudumu la chuma: unakata safi, chuma kinatoka baridi, na bei yake ni ya watu kama Kelvin, ambaye anao. Kuna wa ukanda, wenye utepe wa meno unaozunguka kama mkanda: unashuka wenyewe polepole kwa uzito wake, na mwenye kazi anakunywa chai. Huo wa mwisho umeumbwa kwa ajili yangu.

Lakini muda hakuna. Nimekwenda kwa Kelvin na katoni ya bia, maana huku kwetu hakuna anayeomba chombo cha mtu akiwa mikono mitupu. Mpango: niusifu msumeno wake mpaka aone aibu asiponiazima. Nikausifu. Naye akausifu. Tukausifu wote wawili mpaka nikakauka koo. Mwishowe nikaomba waziwazi. Akanijibu, "Mzee, mke wangu nakuazima. Msumeno, hapana." Mkewe, Glenys, alikuwa anamimina chai. Alisema yeye yuko tayari, aambiwe tu saa ngapi.

Bia ilibaki kwao.

Alhamisi, 5 Februari

Sitaki kuandika, lakini naandika.

Athol, rafiki yangu wa tangu enzi za mabasi, mtu asiyejua kukataa, ameniazima msumeno wake wa jiwe. Asubuhi redio ikatangaza marufuku ya moto wilaya yetu yote ya Wimmera: joto kali, upepo wa kaskazini, majani makavu kila mahali. Siku kama hiyo hata ukichoma soseji uani watu wanakuchungulia. Nikafikiri kama mwanasheria. Marufuku ni ya nje. Karakana iko ndani. Nikafunga milango. Nikafunga madirisha. Cheche zisizoonekana ni cheche za nani?

Cheche moja ikaingia kwenye gunia la maranda. Nililizima kwa chai ya chupa yangu, lakini moshi ulishapata njia chini ya paa. King'ora cha mji kikalia. Zimamoto wetu ni wa kujitolea, kwa hiyo waliokuja na gari wote nawajua: mchinja nyama, mwenye duka la dawa, mwalimu wa piano. Na nahodha wao ni nani? Kelvin Noske.

Hakuna aliyenifokea. Walitazama sakafu. Kelvin akaniuliza kwa sauti ya msibani, "Graeme, ndugu yangu, redio unayo?" Nikasema imeharibika. Ilikuwa juu ya meza, inarudia tangazo.

Athol alikuja kuchukua msumeno wake. Hakushuka garini.

Jumamosi, 7 Februari

Mnada katika shamba la marehemu Liebelt. Vitu vyake vyote vimepangwa kwa safu uwanjani, wilaya nzima inatembea nyuma ya dalali, akina mama wa kanisa wanauza mikate ya soseji. Mwisho wa safu, kati ya mashine ya kunyolea kondoo na beseni la kuogea, nikauona. Msumeno wa ukanda! Mzito, wa kijani, umetunzwa.

Nikatumia akili. Kelvin akijua nautaka atapandisha bei kwa furaha tu. Kwa hiyo nikamtuma Athol anizabunie kwa siri, mimi nikasimama mbali karibu na beseni, nimetia uso wa mtu asiye na haja.

Tatizo, Athol anazabuni kwa nyusi. Kutoka niliposimama alionekana amelala. Nikasikia bei inapanda, dalali ananyoosha kidole upande ule, nikajua tumepigwa. Nikainua mkono. Bei ikapanda. Mtu akajibu. Nikainua tena. Akajibu tena. Watu wakaacha kutafuna. Sijawahi kumchukia binadamu kama nilivyomchukia yule adui aliyejificha nyuma ya kofia za watu. Nikamng'ang'ania mpaka akakoma. Dalali akapiga nyundo. Wangu!

Athol akanijia anafuta jasho. Aliniomba radhi sana. Alisema amejitahidi kadiri ya uwezo wake, lakini kuna mpumbavu mmoja karibu na beseni amekataa katakata kuachia.

Jumapili, 8 Februari

Hata hivyo msumeno ni wangu. Nilijiambia hivyo tangu kifungua kinywa hadi nilipotaka kuuchomeka.

Plagi yake ni nene kama kikombe. Haiingii popote. Kelvin alichungulia juu ya uzio, akasema pole, huo ni wa umeme wa njia tatu, wa viwandani. Nyumba za kawaida hazina. Mtaa mzima hakuna aliye nao, isipokuwa yeye, kwa kuwa banda lake lilikuwa la kukamulia ng'ombe. Hakucheka. Alinihurumia kweli, na hilo ndilo lililonimaliza. Akasema, "Ulete kwangu, jirani. Nafasi ipo. Utakuja kuutumia ukijisikia."

Jioni msumeno wangu ulivuka uzio. Neville aliupisha njia.

Jumatano, 11 Februari

Nakwenda kuuona msumeno wangu kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Nabisha hodi. Nabeba bia. Kelvin ananipa kiti.

Lakini ukikata! Ukanda unashuka taratibu, maji ya mafuta ya kupozea yanadondoka, kisha kipande kinaanguka chenyewe kama biskuti. Kingo zimenyooka mpaka Kelvin akamwita Glenys aje aone. Nilitaka kulia. Nikakata vyote, na miguu ya geti nikaiacha mirefu upande wa chini, Neville asije akapenya chini kwa kutambaa. Athol akaja kuchomelea; hilo tu Noelene aliliruhusu. Katika kuchomelea mkono wake hautetemeki, afadhali kuliko nyusi zake.

Ijumaa, 13 Februari

Geti limekamilika. La kijani. Noelene alilipitishia mkono, akasema, "Zuri." Katika ndoa yetu hiyo ni hotuba. Nimeshaamua kiti changu kitakaa wapi karakanani: karibu na dirisha.

Jumamosi, 14 Februari

Geti limefungwa kwenye bawaba asubuhi. Limekaa sawasawa. Nikalisukuma lifunguke. Likafunguka upana wa kiganja, likagoma. Upande wa ndani ardhi inapanda kidogo, na ile miguu mirefu ilijikita kwenye udongo kama ya ng'ombe asiyetaka kuingia zizini. Nimeishi na ardhi hiyo maisha yangu yote ya ndoa. Sikuwahi kujua kwamba inapanda.

Nikapendekeza tulirudishe kwenye msumeno wangu. Athol akasema geti zima haliingii kwenye msumeno wa ukanda. Nikapendekeza msumeno wake wa jiwe. Redio ikajibu kwa niaba yake: marufuku ya moto. Nikapendekeza tuchimbe ardhi. Nilikwenda kutafuta koleo, na nilipochelewa (lilikuwa kwa Kelvin), Valmai akawa amefika, bado na mkoba begani. Aliuliza shida ni nini. Noelene akamwonyesha. Valmai akatungua msumeno wa baba yao pale mlangoni, mmoja akashika geti, mwingine akakata. Birika halikupata hata kuchemka. Geti likafunguka, likafungwa. Halikutoa sauti.

Nikasema basi, geti lipo na saa sita bado. Noelene akanikumbusha maneno yake: kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nikamgeukia Kelvin, aliyekuja nami na koleo, shahidi wangu, mtu aliyeziona kingo zangu. Akavua kofia. "Kusema haki, mkato wa mwisho si wa Graeme."

Neville alikuwa anatazama yote haya. Alipoona geti limefungwa, akarudi nyuma hatua chache, akaruka uzio, akaingia kwetu.

Mtambo wa kufumia uliingia karakanani mchana. Umekaa karibu na dirisha. Noelene aliniwekea mkono begani, akasema mwisho wa meza kuna kijisehemu changu, nimwombe Valmai tu. Nikasema asante. Sikukasirika. Nilihuzunika, huzuni ile ya kumfanya mtu akunje vitambaa vyake vya mafuta kimoja kimoja, hata vile vichafu.

Jumatatu, 16 Februari

Nimekwenda kukaa kwenye kijisehemu changu. Valmai alisimamisha mtambo, akaniuliza kwa wema kabisa, "Shemeji, unafanya nini?" Nikasema nafikiria. Akauliza, kuhusu nini.

Nikatoka.

Lakini nimeona mwanga. Tatizo halikuwa geti, tatizo ni uzio: ni mfupi. Nikiupandisha kwa chuma kuzunguka uwanja wote, habari ya Neville itaisha, na Noelene hatakuwa na la kusema ila kunirudishia karakana. Chuma kingi namna hiyo hakikatwi kwa mkono. Na Athol ameniambia Jumamosi kuna mnada mwingine, kwa mjane mmoja ng'ambo ya reli, na upo msumeno wa meno, mkubwa kuliko wa Kelvin. Umeme wake sijauliza. Haipendezi kumsumbua mjane kwa mambo madogo ya plagi.

Athol atazabuni. Mimi nitasimama mbali, kimya. Ila nikiona kuna mtu anaupandisha, nitainua mkono, maana safari hii sichezewi. Na pa kuuweka hakuna wasiwasi. Kelvin ameshatoa gari lake bandani.