Siri za Dunia Nzima na Tiketi Moja ya Bukoba

Jumatatu, 4 Novemba

Leo kwenye kikundi chetu cha akina mama hapa Mabatini, mwenyekiti wetu Bi Mwanvua katangaza chemsha bongo. Jumamosi. Historia ya dunia! Nikacheka, mimi niliyeishia la nne. Halafu akataja zawadi: tiketi ya meli, Bukoba, kwenda na kurudi. Kicheko kikakatika palepale. Sabina wangu kajifungua huko tangu Septemba. Mjukuu nimemwona kwenye simu tu, tena simu yenyewe kioo kimepasuka. Mpaka leo namjua sikio moja.

Getruda muuza nyanya naye kajiandikisha. Bukoba hana hata shemeji! Eti anafuata senene. Anataka kuninyima mjukuu kwa sababu ya panzi!

Jioni nikambebea Mwalimu Ndalahwa sato wawili. Mstaafu huyu ndiye mtunga maswali. Samaki kapokea, maswali kakataa. Ila kasema yote katoa kwenye kitabu kimoja, akaniazima. Akaniapisha nisimwonyeshe mtu. Nikaapa. Kuonyesha, sitaonyesha.

Jumanne, 5 Novemba

Mungu wangu! Kitabu hiki kimejaa aibu za watu! Kuna malkia wa Misri, Kleopatra, kaolewa na mdogo wake. Mdogo wake wa kiume! Mdogo akafa, akaolewa na mdogo mwingine! Na wazee wa ukoo wako wapi? Wamekaa tu wanakula pilau!

Chai ikanipalia. Nikafunga kitabu. Nikaona nisije nikafa na siri kifuani, nikaenda kumgusia kidogo Rose wa saluni. Rose kaangusha kitana. Wateja watatu nao wakasikia, ila si wangu wale, ni wa Rose.

Jumatano, 6 Novemba

Warumi wa kale walikuwa wanafua nguo kwa mkojo. Mkojo! Wanaweka mitungi barabarani, mpita njia anachangia. Halafu ndio hao tunaambiwa wastaarabu. Nimesoma nikanusa gauni langu mwenyewe.

Nilipofika soko la Mirongo kununua dagaa nikawaambia wauzaji wote, maana wanafua. Ni habari za afya.

Alhamisi, 7 Novemba

Maboga! Mwisho wa Oktoba, kwao majani yanapukutika, Wamarekani wanachukua boga zima, wanalitoboa macho na meno, wanawasha mshumaa ndani, wanaliweka mlangoni. Kwa kufurahi! Kwetu uweke kitu hicho mlangoni uone, walinzi wa sungusungu watakuwa wamefika kumsaka mchawi kabla mshumaa haujayeyuka. Na boga halijaliwa!

Getruda kapita, tabasamu mpaka masikioni. Kaniamkia vizuri, Mama Sabina za tangu juzi. Nikabana midomo. Akasema kasikia habari za Misri sokoni, ila watu wanasema Mama Sabina hana uhakika, anaongeza chumvi. Chumvi! Mimi! Nikamkalisha kwenye kigoda, nikampa Misri yote, Warumi wote na maboga, na ukurasa nikamtajia. Kaondoka bila hata kuaga. Nimemkomesha.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefika kwenye vita. Zanzibar walipigana na Waingereza mwaka 1896, vita haikumaliza hata saa moja! Maharage hayajaiva, sultani kashakimbia.

Na ile vita kuu ya kwanza, Ulaya wamewekeana sahihi tarehe kumi na moja Novemba, Wajerumani wa upande wetu huku wanaendelea kupigana siku mbili kwa sababu habari haijafika. Watu wanakufa kwa kukosa mmbea! Imeniuma sana. Nimewaeleza majirani wote, nyumba kwa nyumba.

Jumamosi, 9 Novemba

Siamini. Swali la kwanza, nani aliolewa na wadogo zake? Mikono kumi na sita juu! Rose kajibu kwa sauti yangu, kwa mikono yangu, mpaka ile ya wazee na pilau kaiweka. Mwalimu Ndalahwa akanitazama kwa juu ya miwani. Nikatazama dari.

Swali la mkojo kachukua mama wa dagaa. La Zanzibar, vita ilichukua dakika ngapi, likaja kwangu peke yangu. Nikasimama. Nikasema kwanza ngojeni niwaeleze huyo sultani alivyoingia ikulu bila kuwauliza Waingereza, halafu nije kwenye dakika… Kengele. Muda umeisha! Nilikuwa bado niko mlangoni kwa sultani!

Getruda kashinda kwa maboga. Rose wa pili. Bi Mwanvua kasema mshindi asiposafiri mwenyewe, tiketi inakwenda kwa wa pili. Mimi sifuri. Nyumbani nimelia, nimeangalia sikio la mjukuu.

Jumatatu, 11 Novemba

Mayo wane, mama yangu! Getruda kaja asubuhi na bahasha. Kasema jana kaniona kanisani nafuta machozi, na senene wenyewe wameshaanza kuuzwa hapahapa mjini. Kanipa tiketi! Ila nisimwambie mtu mpaka meli iondoke Alhamisi, kwa ile kanuni ya Bi Mwanvua. Siku tatu tu za kunyamaza. Nimemkumbatia, nimeapa kwa jina la mjukuu.

Na nimejifunza. Mdomo wangu ndio adui yangu, kuanzia leo kufuli. Nimenyamaza mpaka saa tano.

Nimemwambia Rose peke yake, maana nilikwenda kusuka kwa ajili ya safari na mtu hawezi kukaa saa tatu bila kusema anasukia nini. Na Rose nimemwapisha vizuri. Kafurahi yule mtoto! Kaniuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha kaniacha kichwa nusu, katoka mbio kuelekea kwa Bi Mwanvua.

Nahisi wananichangia zawadi ya mtoto.