Ng'ombe wa Raundi ya Nane

Jumapili, 8 Machi

Nimetishwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Mke wangu kasema gemu langu limebakiza wiki moja ya kuishi.

Kisa? Nilishangilia kidogo. Nilikuwa nimeliua joka la mlimani, nikarukaruka juu ya kochi hadi likatoboka, chai ya mama mkwe ikamwagika. Mke wangu akauliza hilo joka nimeshaliua mara ngapi. Nikasema saba. Kosa langu, kusema ukweli.

Yeye ni mwalimu wa darasa la tano. Akasema shuleni kwao anayerudia darasa mara saba hapigiwi makofi, anaitiwa mzazi. Mama mkwe, anayeishi nasi tangu alipovunjika mguu mwaka jana, alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamponyoka.

Nikajitetea. Hili si gemu la kukimbiza mpira. Hii ni dunia nzima: milima, miji, wachawi, watu mia tano, kila mmoja na shida zake. Unakwenda unakotaka, unakuwa unayetaka. Raundi ya kwanza nilikuwa askari. Ya pili mwizi. Ya tatu mchawi. Ya nne mwizi tena, ila mrefu. Utamu wake hauishi hata ulirudie miaka kumi.

Hapo ndipo aliponinasa. Akasema vizuri, nithibitishe. Hadi Jumamosi saa kumi jioni nimwonyeshe kitu kimoja tu gemuni ambacho sijawahi kukiona. Kimoja! Nikishindwa, mtambo wa gemu unahamia kwa mdogo wake, yule fundi simu, ambaye ameutolea udenda tangu siku ya kwanza. Msimamizi wa mtihani ni mama mkwe, kwa kuwa anashinda sebuleni na ameziona raundi zote saba.

Nimekubali papo hapo. Bibi asiyejua hata pedi ya kuchezea inashikwa upande gani, atakumbuka nini? Nimeshashinda.

Jumatatu, 9 Machi

Nimefunga karakana yangu ya makochi mapema. Mteja mwenye kochi la watu watatu alikuja kuulizia kazi yake, nikamwambia sponji haijafika. Sponji ilikuwa nyuma yangu, nimeiegemea.

Raundi ya nane. Mbinu: kuwa mtu tofauti kabisa. Mganga wa kike, mfupi, hana silaha, anaogopa damu. Nilijipongeza kimoyomoyo.

Nikatoka lango la kijiji. Mama mkwe, macho kwenye sweta analofuma, akasema kwa heshima zote kwamba sasa atatokea mzee mwenye kofia ya majani, atalia kapotelewa na ng'ombe. Mzee akatokea. Analia. Kapotelewa na ng'ombe. Nikabonyeza jibu langu la siku zote, "Sina muda, mzee." Mama mkwe akasema sasa ataenda kukaa juu ya jiwe. Akaenda, akakaa.

Akachora alama ya kosa daftarini. Yaani wamempa na daftari!

Halafu, kwa sauti ile ya kumbembeleza mgonjwa, akanikumbusha habari ya kiti chake. Mguu mmoja unacheza, sponji imekufa, anakalia mbao tupu. Ananikumbusha tangu alipohamia. Nikamwambia Mama, wiki hii kwa kweli sina muda.

Jumanne, 10 Machi

Mbinu ya pili: kwenda kusikoendeka. Kaskazini kabisa kuna mlima wa barafu. Nilipanda saa mbili nzima. Vidole viliniuma kuliko siku ya kupiga stepla makochi ya hoteli. Nikabakiza hatua chache, nikateleza, nikafa.

Mama mkwe akanipa pole. Akasema raundi ya tatu nilifia kwenye mwamba huohuo, tena nikatamka neno ambalo yeye, kama mkwe wangu, hawezi kulirudia.

Jioni kaja shemeji na futi mkononi. Eti anapima mtambo aone kama utaenea kwenye rafu yake! Akasema gemu lolote lina raundi tatu tu. Zinazozidi hapo si mchezo tena, ni upweke.

Niliumia. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Kule gemuni nikipita mtaani watu wananisimamisha kunishukuru. Huku nje pia wananisimamisha, ila wanaulizia makochi yao. Mtambo ukiondoka, nitabaki na wa huku peke yao.

Jumatano, 11 Machi

Nimecheza na rangi za runinga. Anga zambarau, nyasi nyekundu, farasi kijani kama mchicha. Nikawaita wote wawili, nikatangaza kwamba nimegundua nchi mpya.

Mama mkwe akauliza kwa upole kama runinga inaumwa. Mke wangu akachukua rimoti, akabonyeza mara mbili, nchi yangu mpya ikawa kijiji kilekile na mzee yuleyule juu ya jiwe. Alama ya kosa, safari hii kwa wino mwekundu.

Mwalimu hana masihara na mtihani. Nimemwoa kwa macho yangu mawili.

Alhamisi, 12 Machi

Rushwa ni neno zito. Tuseme ukarimu.

Asubuhi nimejibebesha kiti cha mama mkwe hadi karakana. Nimekaza mguu, nimebadilisha mikanda ya chini, nimekitia sponji nzito ya daraja la kwanza. Ile ya mteja, naam. Mteja atasubiri, si ameshazoea?

Mama mkwe alibaki amekaa kwenye kochi langu, mbele ya runinga. Kabla sijatoka akaomba ruhusa aipanguse pedi vumbi. Nikamwambia apanguse, ila asibonyeze kitu.

Niliporudisha kiti, alikaa, akajinyoosha, akafumba macho. Akasema Mungu anibariki mwanangu. Hakuchora alama yoyote leo. Nimemweka mfukoni! Kesho kutwa ataapa hajawahi kuiona hata ile miti.

Ijumaa, 13 Machi

Lahaula!

Nimerudi saa saba mchana kumkimbia mteja wa kochi. Nafungua mlango, nasikia muziki nisioujua. Gemu langu, ninalolijua hadi vyura wake, linapiga muziki mgeni!

Mama mkwe yuko kwenye kiti chake kipya, pedi mkononi, vidole vinakwenda kama anafuma. Kwenye runinga kuna mji mzima chini ya ardhi. Taa, ziwa, soko, ngazi za mawe, watu wanaimba. Raundi nane sijauona!

Nikauliza ameupataje. Akasema jana alibonyeza kitu kwa bahati mbaya wakati wa kupangusa. Akajikuta mbele ya yule mzee, na kwa vile alikuwa hapo, akamsalimia. Huruma tu, raundi nane mtu analia na hakuna wa kumsikiliza. Ng'ombe mwenyewe alikuwa nyuma ya kinu cha kusagia unga, hatua hamsini kutoka hapo. Mzee kwa furaha akainuka, akasukuma lile jiwe lake, na chini yake kuna ngazi.

Jiwe lile! Nimelipita raundi nane. Nimelirukia na farasi. Siku moja nilipumzika juu yake.

Machozi yalinitoka. Nikasingizia gundi ya karakana.

Jumamosi, 14 Machi

Saa kumi kamili. Mke wangu na daftari, shemeji na boksi tupu la kubebea mtambo, mama mkwe na sweta lake.

Nimewaonyesha mji wa chini kwa mbwembwe zote. Mke wangu akamuuliza mama yake kama ni kweli sikuwahi kuuona. Mama mkwe akasema ni kweli tupu, mkwe wake hakuwahi. Shemeji akalikunja boksi lake, uso umemshuka. Raha iliyoje!

Ningenyamaza hapo. Lakini mke wangu akauliza ng'ombe nimempata wapi, nami nikaanza kumwaga sifa. Nikasema nimefuata kwato siku tatu, nimevuka milima miwili, nimepigana na fisi kumi na mmoja. Mama mkwe akakohoa. Wakati huohuo njia ikagawanyika pande mbili mbele yangu, nikakwama. Mama mkwe akaninong'oneza nishike kulia, baada ya kisima, kwa fundi viatu. Alinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Hukumu ya mwalimu: gemu limefaulu, mimi nimefeli. Kweli bado lina mapya, kwa hiyo haliondoki nyumbani. Ila linahamia chumbani kwa mama, aliyeyapata. Mimi nitakuwa na zamu ya saa moja kwa siku, nikishamaliza kazi za watu.

Shemeji amecheka hadi kukaa chini. Amekaa juu ya boksi lake.

Jumapili, 15 Machi

Zamu yangu ya kwanza. Raundi ya tisa, mhusika mpya: askari, mrefu.

Mama mkwe amenishauri taratibu. Kahesabu, akasema dunia ile ina watu mia tano na mimi katika raundi zote nimezungumza na tisa, sita kati yao nikiwauzia vitu vya wizi. Nikamshukuru sana. Nikamwambia somo limeniingia, tangu leo mimi ni mtu mwingine.

Nikatoka lango la kijiji. Mzee akaja analia. Sasa nasikiliza ya nini, na siri yote ninayo? Nikabonyeza "Sina muda, mzee," nikatimua mbio kwenda kwenye jiwe. Akaniwahi, akakaa. Nikamsukuma. Nikamrukia. Nikampiga na ngao. Haondoki! Saa yangu yote imeishia kumsukuma mzee wa watu juu ya jiwe. Kesho nitajaribu na farasi.

Mke wangu akachungulia mlangoni. Akauliza lile shimo la kochi letu la sebuleni nitalishona lini. Nikamjibu bila kugeuza shingo. Mama mkwe, macho kwenye sweta, akalitamka jibu langu pamoja nami, neno kwa neno.